Barua ya Maruku kwenda Biharamulo

Maruku, Bukoba Vijijini
Jumapili, 26 Januari 2025

Mama Koku wangu,

Waitu, hujambo? Mama mkwe mpe shikamoo yangu, watoto wabusu mmoja mmoja. Sisi huku wazima, migomba imenenepa kwa mvua, mzee wa kule bondeni bado ana kesi na mbuzi wa jirani. Salamu ziishie hapo, maana najua hukunipigia usiku ule ukinong'ona jikoni ili nikupe habari za mbuzi.

Simu ilikatika pale pale uliposema "wamenichagua". Nimelala na hilo neno moja mpaka asubuhi ujumbe wako ulipoingia. Kumbe kitongoji kimekutaja uwe unawafuatilia waliotangamana na wagonjwa wa Marburg, ule ugonjwa wa virusi, Baba Koku anasema ukatae, na wewe unaniuliza mimi nilifanyaje nilipoifanya kazi hiyo huku, ugonjwa ulipotupata mwaka 2023. Hayo si ya kujibu kwa simu yenye salio la shilingi mia tano. Nimechana karatasi za daftari la mtoto, na kijana wa basi ataileta. Ikifika na harufu ya samaki, mlaumu yeye.

Nikutoe hofu moja kwanza, kisha nikuachie nyingine. Marburg hairuki hewani kama mafua. Inapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa, damu, matapishi, kinyesi, jasho, na mwili wa aliyekufa nao una hatari kubwa. Mtu aliyekutana na mgonjwa lakini bado hana homa wala dalili yoyote, hakuambukizi. Kwa hiyo ukisimama uani kwake hatua mbili tatu, ukamwelekezea kile kipima joto kwenye paji la uso, ukaongea naye, ukaondoka, hujabeba kitu cha kuwapelekea wanao. Mwambie Baba Koku hivyo, tena umwambie akiwa ameshakula. Hofu ninayokuachia ni ya siku ile utakayomkuta amelala, anasema kichwa na mgongo vinauma, mwili umeisha nguvu. Hapo husogei, hushiki, hufuti matapishi kwa huruma zako ninazozijua. Unarudi nyuma unapiga simu. Wewe ni mtu wa kumkumbatia kila anayelia, ndiyo maana nakuandikia hili kwa wino mzito.

Nasikia huko watu wamechanganyikiwa. Katikati ya mwezi waliambiwa sampuli hazijaonyesha kitu, halafu Januari 20 Rais Samia akasimama Dodoma pamoja na Tedros wa Shirika la Afya Duniani, akasema mgonjwa mmoja amethibitika. Sasa utaingia kwenye uani wa mtu ambaye amesikia hapana na ndiyo ndani ya wiki moja. Usianze kubishana naye nani alisema kweli. Vipimo vya leo na vya keshokutwa vinaweza kutofautiana, lakini yeye hajakuuliza habari za maabara. Anachotaka kujua ni kama umekuja kumchukua.

Na hapa ndipo kwenye jambo lenyewe. Mama Koku, kila mtu atakuambia kazi ni orodha. Orodha, orodha, orodha. Mimi nakuambia kabla hujaomba jina hata moja, mpe mtu tarehe yake ya mwisho. Kirusi hiki kikiingia mwilini huonyesha dalili kati ya siku ya 2 na ya 21. Basi unamhesabia siku 21 tangu alipomgusa mgonjwa mara ya mwisho, unaiandika tarehe ile kwenye karatasi, unampa aibandike ukutani. "Ikifika siku hii huna homa, wewe huru, na mimi mwenyewe nitakuja." Huku kwetu mwanzoni watu walikuwa wanahesabiwa bila kuambiwa wanahesabiwa mpaka lini. Mtu asiyeona mwisho anakimbia. Na huko kwenu atakimbilia wapi? Nyakanazi tu hapo, malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana. Ukimpoteza mmoja barabarani, utamtafutia wapi?

Mwambie pia mapema kwamba akiugua mtu mwingine humo humo ndani, hesabu ya wote wanaomgusa inaanza upya. Hilo linauma kuliko yote. Nimeona watu wazima wakilia kwa ajili ya hilo, si kwa ajili ya ugonjwa. Lakini ukilisema siku ya kwanza ni sheria ya ugonjwa, ukilisema siku ya kumi na tano wataona ni hila yako.

Sasa namna ya kuuliza. Usiulize "tarehe 12 ulikutana na nani?" Nani anaijua tarehe 12? Uliza kwa gulio, kwa misa, kwa siku ile mvua iliyong'oa bati za shule. Uliza nani alimwogesha mgonjwa, nani alifua mashuka, nani alilala naye chumba kimoja, alipanda pikipiki ya nani, alianzia duka la dawa lipi kabla ya zahanati, na kama alipita kwa mganga usifanye uso wa kushangaa, andika tu. Nani alimwombea kwa kumwekea mikono? Wanaume watakupa majina ya wanaume. Nenda jikoni. Halafu uwaulize watoto, maana watoto hawajui kuficha. Kuna mhisiwa mmoja, yaani aliyedhaniwa anaumwa Marburg, namshukuru Mungu baadaye alikutwa na malaria tu, wakubwa wote waliapa alikwenda zahanati kwa miguu. Kajukuu ka miaka sita hivi kakasema, "Alipelekwa na yule wa pikipiki yenye bendera." Yule wa pikipiki yenye bendera alikuwa ameshabeba abiria wa kijiji kizima! Angekuwa kweli ana Marburg, ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Malaria hiyo nayo itakutesa. Mwanzo wake na mwanzo wa Marburg huwezi kuutofautisha kwa macho. Homa, kichwa, viungo, kisha kuhara na kutapika. Damu huja baadaye na wengine haiji kabisa. Ndiyo maana 2023 watu walikwenda mbali kabla haijajulikana ni nini. Machi 16 ilitangazwa kuwa ni ugonjwa usiojulikana, Machi 21 ndipo Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wa wakati ule, akalitaja jina lake. Wa kwanza alitoka kisiwa cha Goziba, humo Ziwa Victoria, akaugua alipofika nyumbani. Wengine wakawa wa familia moja, na wawili walikuwa wahudumu wa afya, mmoja wao akafariki. Jumla wagonjwa 9, waliokufa 6. Waliofuatiliwa walikuwa zaidi ya 200. Iweke hiyo kichwani: 9 kwa zaidi ya 200. Watu wananicheka nikisema ile kazi ya kutembea na daftari ndiyo iliyoufunga ugonjwa Bukoba, wanadhani ni dawa. Dawa gani? Dawa maalumu ya Marburg haipo, chanjo iliyoidhinishwa haipo. Kilichopo ni kumkuta mtu mapema, apewe maji na matunzo mwili usikauke, na asiwagawie wengine. Wapo wale 3 waliopona, nami nikikata tamaa huwa nawakumbuka hao.

Nirudi kwenye karatasi ya ukutani, maana bado sijaimaliza. Umemwambia mtu akae kwake siku 21. Atakula nini? Mwenye ndizi za kuuza, ndizi zinaiva. Anayefanya kibarua, hakuna atakayempa. Kabla hujakanyaga uani kwa mtu, mbane mtendaji akwambie unga, maharage na sabuni vinatoka wapi na lini, na asikujibu "vinakuja". Mimi niligundua nyumba iliyopata sabuni na unga ilinikumbusha yenyewe majina niliyoyaruka. Nyumba iliyopewa hotuba ilikuwa na mtu mmoja tu ndani kila nilipofika, na sufuria la watu wanane jikoni.

Halafu daftari lako lilale na wewe. Lisilale dukani, lisisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na yule shemeji yetu mwenye mdomo hata jalada asilione. Wazee wetu huku walipita miaka ya Juliana, ndivyo walivyouita UKIMWI, unajua hadithi zile, ugonjwa ulipotokea Kagera mwaka 1983 na hakuna aliyejua jina lake la kitaalamu. Nyumba zilivyonyooshewa vidole wakati ule hazijasahau. Mama yangu mwenyewe, siku alipoona nimeandika majina, alinyamaza, akaniuliza tu: "Na ukimaliza, utayachoma?" Sikuwa na jibu zuri. Baadaye nilipata mazoea haya: siku ya 21 ya mtu nilikwenda mchana kweupe, watu wanaona, nikampa mkono, nikakaa kwenye mkeka wake nikanywa chai. Afisa wetu mmoja alisema hiyo haimo kwenye fomu. Haimo, ndiyo. Lakini kuna nyumba ambayo sikupata nafasi ya kunywa chai hiyo, na majirani waliendelea kupita njia ya juu hata serikali ilipotangaza Juni 2 kwamba umekwisha, baada ya kuhesabu siku 42, yaani 21 mara mbili.

Misiba sasa. Sitasema mengi, mkono umechoka na wewe unajua. Mwili hauoshwi na ndugu, haushikwi, wanakuja wale wenye mavazi kinga na klorini. Ila usiache watu waambiwe hivyo kaburini. Mwombe padri au shehe aende nyumbani mapema, ndugu wachague nani atasoma sala, wasimame mbali lakini waone kila kitu. Wasipoona watasema mlizika gogo, na mwingine atafukua usiku. Usicheke.

Na wewe mwenyewe. Utanuka klorini mpaka kwenye nywele. Watu watakukwepa kanisani, wengine watakaa benchi la mbele kabisa ambalo tangu wabatizwe hawajawahi kulikalia. Mimi kilichonisaidia ni bibi mmoja wa huku juu, alikuwa kwenye orodha yangu. Siku ya kwanza nilimsalimia nimesimama, kipima joto mkononi. Akasema mgambo ndio wanaosalimia hivyo, nitoke niingie tena. Nikatoka, nikarudi, nikapiga magoti kule kule mbali kama mtoto wa watu, ndipo akainua paji la uso. Kila siku alitaka kunipa kahawa ya kutafuna, na mimi mikono nyuma. Mwisho akawa anaziweka juu ya jani la mgomba katikati ya uani, anarudi mlangoni, anasema, "Hizo hazijatangamana na mtu." Kama nilizitafuna au sikuzitafuna, hilo nitakuambia tukionana.

Sasa unauliza ukubali au ukatae. Siwezi kukuchagulia, nami sina watoto wadogo kama wewe. Najua tu kwamba ukikataa atachaguliwa mtu, na huenda ni yule anayependa kupiga kelele. Baba Koku naye ana haki ya kuogopa. Mimi pia niliogopa, tena kila jioni nilijipima joto kabla sijavuka kizingiti. Lakini mwulize, je, hofu yake ni ugonjwa, au ni watu watakavyomsema?

Nijibu haya, usiruke hata moja. Watakupa glavu, klorini na kipima joto chako mwenyewe, au mnagawana watano? Namba ya simu ya kupiga usiku ipo, na kuna mtu anayeipokea kweli? Maji tiririka yamewekwa stendi na sokoni, au ni ndoo tupu yenye stika? Wale wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wenu, kuna anayezungumza nao, maana wao hawana kitongoji? Watoto utawaacha kwa nani mchana? Mama mkwe anasemaje, yule mwenye akili kuliko ninyi wote? Na deni langu la senene la Novemba ulifikiri Marburg italifuta?

Kijana wa basi anageuza Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Mpe jibu mkononi, hata mistari mitatu. Nimemlipa nauli ya barua kwenda na kurudi, asikudai.

Wako,
Ma'Byera