Mizinga tumepewa, msitu je?

Mhariri,

Mimi ni mrina asali wa Nessuit, kaunti ya Nakuru. Majuzi sisi Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, tuliitwa mkutanoni kukabidhiwa mizinga ya kisasa. Mgeni wa heshima alitusifu kwa kuulinda msitu, akasema asali itatuondolea umaskini. Nikanyosha mkono nikauliza mizinga hiyo tutaitundika wapi. Nikajibiwa kwamba suala la ardhi lina siku yake.

Siku hiyo ni ipi? Marehemu baba alichonga mizinga ya mtarakwa na kuitundika katika eneo la ukoo wetu, konoito, ambalo lilianzia mabondeni likapanda hadi kwenye baridi kali. Maua yalipoisha chini, alihamia juu, ambako yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua. Kila ukoo ulijua mpaka wake, na kurina mzinga wa mwenzio ilikuwa kesi kubwa kwa wazee. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuumega msitu wa Mau Mashariki hekta 35,301. Njia aliyopita baba sasa ni mashamba na misaipresi ya mbao, na msaipresi hauna ua la kumlisha nyuki.

Tunaambiwa tujiunge na chama cha jamii cha misitu. Ni kweli, Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu chama kama hicho kurina asali na kuchuma dawa kwa makubaliano na Shirika la Misitu. Lakini shirika hilo hilo linaweza kuiondoa ruhusa hiyo. Na asali ikipata bei nzuri, nani atanihakikishia kwamba kibali hakitaenda kwa mwenye lori? Mbao zina bei, na hatujawahi kuulizwa kuzihusu. Naona tunaachiwa asali kwa sababu bado hakuna mkubwa anayeigombania.

Katiba, kifungu cha 63, inaitambua ardhi ya mababu wa jamii za wawindaji na wakusanyaji wa vyakula vya porini kuwa ardhi ya jamii. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zetu kwa kututimua Mau, na kwamba uharibifu wa msitu hauwezi kubebeshwa sisi. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru tulipwe shilingi 157,850,000 na tupewe hatimiliki ya pamoja katika miaka miwili. Miaka hiyo imepita. Hati hatujaiona.

Wanaotuletea miradi ya asali nawaomba jambo moja: mkikaa na serikali, hati hiyo iwe ajenda ya kwanza, kabla ya chupa na lebo. Na Tume ya Ardhi itume wapimaji Nessuit na Mariashoni sasa, wakati wazee wanaoijua mipaka ya kila konoito wangali na nguvu za kutembea nao.

Mrina asali,
Nessuit, Njoro