Mjomba, mtoto huyu hakuzaliwa mwizi

Shikamoo mjomba,

Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala la mtoto, kwa sababu maneno uliyoyasema kwenye kikao cha familia yanasemwa katika nyumba nyingi. Ulisema mtoto wa nyoka ni nyoka, huyu kaiba kama baba yake, Januari aende bweni wakamnyooshe. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno.

Nimesoma saikolojia, na swali uliloligusa ni moja ya yanayobishaniwa sana katika fani hii: mtu huwa alivyo kwa damu au kwa malezi? Wazee wetu nao hawakukubaliana. Waliotuachia methali yako ya nyoka ndio hao hao waliotuachia "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Kwa hiyo sikuandikii kukwambia kwamba urithi ni uzushi. Nataka tu uone kwamba hata wanaoutetea urithi hawasemi ulichosema wewe.

Mmarekani John Watson, mmoja wa waasisi wa mkabala wa tabia, unaoamini kwamba mtu hufinyangwa na mazingira yake, alidai kwamba akipewa watoto wachanga kumi na wawili wenye afya, na mazingira ya kuwalelea apendavyo, angemfanya yeyote kati yao kuwa daktari, mwanasheria, ombaomba au hata mwizi, ukoo wake uwe wowote. Alikiri mwenyewe kwamba amevuka mipaka ya ushahidi aliokuwa nao. Mimi namwona alitia chumvi nyingi, na ushauri wake kwamba watoto wasikumbatiwe wala kubusiwa ovyo uliwanyima watoto wengi haki yao.

Upande wa pili wapo wanaopima vinasaba. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa vijana wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu utotoni hadi wakiwa na miaka 26. Baadhi ya wanaume walikuwa na aina fulani ya jeni iliyokwishahusishwa na ukatili. Waliokuwa na jeni hiyo na pia waliteswa utotoni ndio walioelekea zaidi kwenye vurugu na uhalifu. Wenye jeni ile ile waliolelewa bila mateso hawakuwa hivyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu uzito wa jambo hili, lakini hata tukilichukua kama lilivyo, mjomba, damu peke yake haikumfanya mtu mhalifu. Ilihitaji mkono wa mtu mzima.

Utafiti unaomgusa mtoto wetu zaidi ni wa John Bowlby, daktari wa akili wa London. Mwaka 1944 alichapisha habari za watoto 44 waliokuwa na tabia ya wizi, waliofikishwa kwenye kliniki yake. Kumi na wanne kati yao aliwaona wamekauka moyo, hawaonyeshi kujali mtu. Alipochimba historia zao alikuta 12 kati ya hao 14 walitenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Wamemkosoa, na wana haki: watoto walikuwa wachache na yeye ndiye aliyewahoji na kuwapima. Hata hivyo, aliuliza swali ambalo kikao chetu hakikuliuliza. Kabla ya kuanza kuiba, mtoto huyu alipoteza nini?

Mama yake, ambaye kwangu ni mama mdogo, aliondoka kwenda kufanya kazi Muscat, Oman, mtoto akiwa na miaka mitatu. Simlaumu hata kidogo, ada na mabati tunajua yalitoka wapi. Lakini tangu hapo mtoto amelala kwa bibi, kwa shangazi, kisha kwako, na kila alipoanza kumzoea mtu akafungiwa begi.

Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alikuja Uganda mwaka 1954 akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Wakati ule wengi waliamini mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Yeye aliona wachanga wakiwang'ang'ania hata watu wasiowanyonyesha, akiwamo baba. Na kuna jambo ninalolipenda sana katika kazi yake: mama aliyeweza kumsimulia mambo madogo madogo ya mtoto wake, anacholilia, anachokichekea, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Nakuuliza kwa heshima zote, nani katika nyumba yetu anayeweza kusimulia hivyo habari za huyu wetu wa miaka tisa?

Jingine nililiona kwa macho yangu. Siku ya kikao mtoto wetu alimpiga mwenzake uani, akamwambia, "Nyamaza, mwizi we!" Sauti ilikuwa yako mjomba, hata ule mkono wa kushoto kiunoni. Mwanasaikolojia Albert Bandura alilionyesha hili katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1961: watoto wadogo waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa waliiga kipigo pamoja na maneno.

Utaniuliza, kwani yeye hana hiari? B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa mkabala ule ule wa Watson, angejibu kwamba hiari ni dhana tu, tabia hufuata matokeo yake. Mwanasaikolojia mwingine, Carl Rogers, angesema mtu ana uwezo wa kuchagua, ila huukuza anapokubaliwa kama alivyo. Mimi niko na Rogers. Elfu mbili aliyoiiba kwenye mkoba airudishe, afanye kazi ya kuilipa, aombe radhi. Lakini aombe radhi kama mtoto wa nyumba hiyo.

Ninaloomba ni hili. Bweni lisubiri angalau mwaka mmoja. Asiambiwe tena "kama baba yako", na mimi nitawaomba wengine wote hivyo hivyo. Mama mdogo apige simu kila Ijumaa, azungumze naye yeye kwanza kabla ya mambo ya hela. Na ukiona mzigo umekuzidi, usimpeleke kwa ndugu mwingine bila kunipigia mimi. Chumba ninacho, na mke wangu tumeshakubaliana.

Mpwa wako