Ukili aliouacha

Paje, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Arobaini ya mwenzetu tumeisoma Ijumaa. Usijilaumu kwa kutowahi kuja, Muscat si karibu, na dua yako inshallah imemfikia huko aliko.

Tangu siku ile naiona mikono yake tu. Unakumbuka 1989, mwani ulipoanza kulimwa hapa kwetu, sisi watatu hatujui hata kufunga taitai, vile vikamba vya kuushikizia mwani? Yeye siku ya pili keshapata namna yake: amekaa kwenye maji, kamba kaibana kwa kidole cha mguu, mikono yote miwili inafunga. Wakubwa waliomcheka, bamvua lililofuata walikuwa wakifunga vilevile.

Maji mafu yakija, pwani hakuendeki, ni ukindu. Tulichana wote, tukachemsha na rangi wote, tukasuka ukili, ule mkanda unaoshonwa ukawa mkeka. Lakini kuzipanga rangi alijua yeye. Ataweka kijani ubavuni mwa zambarau, unasema moyoni haitapendeza hii, mpaka mkeka ushonwe ndipo unanyamaza.

Na mikeka ile shoga, kauza mingapi? Nikihesabu, mingi aliitoa. Kila mara neno lake lilikuwa moja: "Huu nimeukosea, nani ataununua? Chukua wewe." Nilipofiwa na mume wangu, nyumba imejaa watu na sina pa kuwakalisha, aliingia kwa mlango wa uani na mkeka wa pima 3 kichwani, akasema umempinda pembeni. Wewe ulipoolewa Oman akakupa msala, akakwambia hivyohivyo. Hakutaka mtu ajione anasaidiwa. Nimemjua miaka yote hiyo, na hili nimelifahamu sasa, naumia kwamba sikumwambia.

Juzi niliutandika ule wangu uani, juani, nikaupitia ukili kwa ukili, pembe zote nne. Sikuona kosa.

Wanawe wamenipa ukili aliouacha kwenye kikapu, kijani na zambarau, haujashonwa. Unatosha misala miwili. Nusu nimemfungia mpwa wako, anasafiri kuja huko mwezi ujao. Ile sindano yako ndefu bado unayo? Kama huna nijulishe mapema, nimpe na sindano.

Wasalaam,
Shoga yako