Kwa mama wa leso ya njano, Kisumu

Mama, jina lako sikuuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo. Ni mimi yule wa foleni ya kulipa, tarehe 23 Desemba, niliyebeba pakiti nne za biskuti na mfuko wa peremende, nikilalamika kwa simu kwamba nyumba ya Krismasi ya watoto, ile ya kujengwa kwa biskuti, imeporomoka mara ya pili. Kuta nilikuwa nimezibandika kwa chokoleti. Chokoleti, na joto hili la Kisumu!

Ukanigusa bega. "Mwanangu, hiyo haishiki. Chukua ute wa yai, upige na sukari ya unga mpaka usimame wenyewe. Maji usitie." Ukasema pia kuta niziegemeze kwa mikebe, paa lingoje kesho yake.

Asubuhi niligonga ukuta kwa kucha: ko, ko, mgumu kama saruji. Paa tukalipanga peremende za rangi kama vigae. Kitinda mimba wangu alikula bomba la moshi kabla sijapiga picha, lakini nyumba ilifika Krismasi ikiwa wima.

Asante sana, mama. Erokamano.