Mdogo wangu, ni kweli nilikwambia usubiri

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa kuhusu huo uvimbe wa kizazi niliokwambia usubiri kuutibu. Wengine wakisoma, wasome.

Bado nakuona umekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ukutani, midomo imepauka, pedi ya tatu ndani ya saa mbili. Nilikushika mkono ukawa wa baridi. Ukaniangalia, ukasema, "Si ulisema nisubiri." Sauti hukuipandisha. Ungenifokea ningejua pa kujitetea. Hospitali kiwango cha damu yako kilisoma 6 tu, ukaongezewa chupa mbili, na tangu siku ile sipati kwako zaidi ya salamu.

Lakini nilikudanganya? Uvimbe wangu una sentimita 7. Daktari alinieleza umeota upande wa nje wa kizazi, na kwa kuwa haunisumbui tuuangalie tu, nikikoma hedhi huenda ukanywea wenyewe. Nimekaa nao miaka minne. Wewe ulipotaja sentimita 2 nikaona ni kitu kidogo. Sikujua kwamba ukiota kwa ndani, kwenye ule utando unaotoa hedhi, hata ukiwa kama zabibu unaweza kukumaliza damu. Nawe ulinificha. Mwaka mzima nguo nyeusi, unalala juu ya taulo, ukiulizwa unasema ni uchovu wa kazi. Ningejuaje?

Ningeuliza. Hilo nalijua.

Sasa mama ananiambia unataka kizazi kitolewe chote, yaishe. Mwili ni wako, na ni kweli uvimbe ukitolewa peke yake mwingine unaweza kuota. Ila umeshauliza kama huo wako unaweza kutolewa kwa kupitia ukeni, bila kupasuliwa tumbo? Kuna pia kuziba mishipa inayoulisha, ingawa kwa anayetaka kuzaa hiyo haipendekezwi sana. Na wewe ulitaka mtoto. Uliniambia mimi tu usiku ule, na sasa nimeliandika mbele za watu. Nisamehe.

Unaona, nimeshaanza tena kukushauri. Safari hii sisemi subiri, wala sisemi kata. Muulize daktari umeota wapi, usiulize ukubwa peke yake kama nilivyofanya mimi. Niambie tu siku ya kliniki. Nitakaa nje ya mlango, hata usiponisemesha.

Vidonge vya madini ya chuma unavimeza?

Dada yako