Damu mmeshachukua, mkojo wa nini tena?

Swali hili tunaulizwa sana hapa maabara, dirishani, na watu waliokuja kupima figo. Mtu ameshachomwa sindano, bado amebana pamba mkononi, mara mhudumu anampa kikopo na kumwonyesha choo kilipo. Wapo wanaodhani tunawasumbua tu. Wapo wanaokipokea kwa adabu, wakaturudishia matone mawili matatu. Tungependa tulieleze jambo hili vizuri, kwa sababu damu inajibu swali moja kuhusu figo zako na mkojo unajibu lingine kabisa.

Figo ziko mbili, nyuma kabisa ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo, na sehemu yake ya juu imefunikwa na mbavu za mwisho. Ya kulia hukaa chini kidogo kuliko ya kushoto kwa kuwa ini liko juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Pamoja na udogo huo, figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Wengi huja kwetu kwa sababu kiuno kinauma. Kiuno kinachouma mara nyingi ni misuli au mifupa. Figo zinazoharibika taratibu kwa kawaida haziumi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, vipatavyo milioni moja. Nefroni huanzia kwenye fundo la mishipa myembamba mno ya damu, glomerulasi, lililozungukwa na kifuko ambacho William Bowman alikieleza mwaka 1842. Presha ndani ya fundo hilo ni kubwa kuliko ya mishipa mingine midogo ya mwili, kwa hiyo maji yanasukumwa yapenye ukuta wake. Yanapita pamoja na chumvi, sukari, na taka kama urea na kreatinini. Seli za damu na protini kubwa kama albumini zinatakiwa zibaki ndani ya damu.

Kwa siku moja, figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180. Asilimia 99 ya maji hayo hurudishwa mwilini yakiwa njiani. Kijibomba cha kwanza cha nefroni hurudisha kama theluthi mbili ya maji na chumvi, na karibu sukari yote. Sukari ya damu ikipanda sana, kwa kawaida kuzidi milimoli 10 kwa lita, kijibomba hicho huzidiwa na sukari hutokea kwenye mkojo. Mbele zaidi, homoni inayotolewa na tezi iliyo chini ya ubongo huamua maji yabaki mwilini kiasi gani. Ndiyo sababu ukiwa na kiu mkojo huwa mchache na wa manjano iliyokolea. Mwisho wa yote hubaki lita moja hadi mbili za kukojoa.

Sasa turudi kwenye damu yako. Tunachotafuta humo ni kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli kwa kiwango kisichobadilika sana siku hadi siku. Uchujaji ukipungua, kreatinini hujazana kwenye damu. Ni kipimo kizuri, ila huchelewa. Nefroni zikifa, zilizobaki hubeba kazi ya wenzake, na mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja huku kreatinini yake ikisomeka ya kawaida. Tena bibi mwembamba na kijana aliyejaa misuli wanaweza kupata namba ileile, kumbe figo za bibi zimechoka na za kijana ni nzima. Kwa hiyo hatukupi namba tupu. Tunakokotoa kasi ya kuchuja kwa kutumia umri na jinsia. Ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu au zaidi, huo huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo.

Mkojo unajibu swali la mapema zaidi: je, ule ukuta wa glomerulasi umeanza kuvuja? Kisukari na presha ya muda mrefu huuharibu kidogo kidogo, na albumini huanza kupenya wakati kreatinini bado haijatikisika. Kile kikaratasi cha rangi tunachochovya kwenye mkojo hakioni albumini ikiwa kidogo, kwa hiyo kwa wenye kisukari au presha tunapima albumini yenyewe na kuilinganisha na kreatinini ya mkojo uleule, ili aliyekunywa maji mengi asionekane mzima kwa sababu tu mkojo wake umezimuliwa. Ikizidi miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, daktari wako anapaswa kujua. Katika hatua hiyo zipo dawa za kupunguza presha ndani ya glomerulasi na kuchelewesha uharibifu. Tunasikitika sana tunapompima mtu mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye kila mara alipimwa damu tu.

Kuna kingine ambacho mkojo husimulia, nacho ni hali ya njia unayopita. Kutoka kwenye figo hushuka kwa mirija miwili yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, inayojiminya kwa zamu kuusukuma hadi kwenye kibofu. Mara nyingi hamu ya kukojoa huanza kibofu kikiwa na mililita 150 hadi 200, ingawa kinaweza kubeba 400 na zaidi. Njia ya mwisho ya kutokea ni fupi kwa mwanamke, kama sentimita 4, na kwa mwanamume hufika 20. Huo ufupi ni sababu kubwa ya wanawake kupata UTI mara nyingi zaidi, maana bakteria hawana safari ndefu.

Bakteria wa kwenye ngozi nao huingia kikopo kwa urahisi, na tukiwaona hatuwezi kujua kama walitoka kibofuni. Kwa hiyo nawa kwanza kwa maji. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke, mwanamume ambaye hajatahiriwa avute govi nyuma. Acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati mpaka kikopo kifike nusu, kisha malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko. Ukikojolea nyumbani, tufikishie ndani ya saa moja. Ikishindikana uweke kwenye friji na uulete siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye joto bakteria huzaana.

Tuambie pia kama uko kwenye hedhi, una homa, umefanya mazoezi makali au unameza dawa za maumivu. Mengine kati ya hayo hupandisha protini kwa muda, kwa hiyo jibu moja baya la albumini halitoshi. Tutakuomba urudie ndani ya miezi mitatu, na safari hiyo mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa zaidi. Lakini kama mkojo umekata kabisa, au una homa na maumivu makali ubavuni, usije kwetu kwanza. Nenda hospitali moja kwa moja.