Mwanangu, Nenda na Ushahidi Wangu

Mwanangu mpendwa,

Tangu tulipoongea kwenye simu jana usiku sijatulia. Ulisema hutakwenda tena kwa daktari yeyote kuzungumzia shida yako ya kushindwa kukaza akili na kumaliza unachokianza, maana umechoka kuonekana mtu anayetafuta kisingizio cha uvivu wake. Sikutaka kubishana nawe ukiwa unalia. Leo nakuandikia ili nikuombe uende tena, na uende ukiwa na ushahidi wangu.

Yule daktari alikwambia ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kukaza akili au kutulia, ni ya watoto, na kwamba mtu aliyemaliza chuo hawezi kuwa nayo. Akakuandikia dawa ya wasiwasi, akaita mgonjwa mwingine. Hakukuuliza hata swali moja kuhusu utoto wako, na hilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu utotoni ndipo panapotakiwa kuanziwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unaofuatwa na madaktari wengi duniani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla mtu hajafikisha miaka 12. Unataka pia zijitokeze katika sehemu zaidi ya moja, kwa mfano kazini na nyumbani, na ziwe zinamkwamisha kweli. Kisha umemwekea mtu mzima hesabu yake: kuanzia miaka 17, zinatosha dalili 5 kati ya 9 za kushindwa kukaza akili, au 5 kati ya 9 za kutotulia na kufanya mambo kwa pupa. Mtoto hutakiwa awe na 6. Kama watu wazima hawana ADHD, hesabu hiyo iliwekwa kwa ajili ya nani?

Utoto wako naujua mimi. Ulikuwa ukikaa mezani na daftari la hesabu, penseli mkononi. Nikivuta kiti nikakaa kando yako na gazeti langu, bila kukusaidia hata neno, ulimaliza ukurasa mzima na majibu yalikuwa sahihi. Nikiinuka kwenda kufunga dirisha, narudi nakukuta umechora ndege pembeni mwa ukurasa, na swali umeliacha njiani: saba mara nane ni, basi. Nikikuuliza jibu ulinipa papo hapo. Kisha ulinitazama kana kwamba na wewe unashangaa kwa nini halijaandikwa. Hapo hujafika hata darasa la nne. Uvivu siyo huo. Mtoto mvivu hakai mezani mpaka machozi yamtoke kwa kutaka kumaliza.

Ripoti zako za shule ninazo. Mwalimu wako wa darasa la tatu aliandika kuwa una akili sana ila mawazo yako hayapo darasani. Yule wa darasa la sita, katika shule nyingine kabisa, aliandika kwamba ungefika mbali kama ungemaliza unachokianza. Watu wawili wasiojuana, miaka mitatu kati yao, wamesema jambo lile lile, na wameliandika kabla hujafikisha miaka 12. Nitakutumia ripoti hizo kwenye bahasha pamoja na barua hii. Mpe daktari azisome mwenyewe.

Hukuwa mtoto wa kupanda juu ya madawati. Ulikaa kimya, ukitazama nje, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wasichana wengi hupitwa namna hiyo, kwa kuwa picha iliyo vichwani mwa watu ni ya mvulana asiyekalika kitini. Na kufaulu kwako, ambako ndiko daktari alikotumia kukufungia mlango, mimi najua kulipatikanaje: kwa kukesha usiku wa kuamkia mtihani, kwa hofu, ukifanya kwa saa chache kazi ya miezi. Nyumbani nasi tulikuzungushia uzio wa ratiba, kukumbushwa na kuamshwa. Sasa unaishi peke yako, una kazi yenye tarehe za mwisho, na hakuna wa kuvuta kiti akakaa kando yako. Sishangai kwamba mambo yamekulemea sasa, katika umri huu.

Nisikilize tena kidogo, maana sitaki uende ukiwa na kinyongo na madaktari wote. Daktari wa Uingereza, George Still, alipowaeleza wenzake hali kama hii mwaka 1902 alikuwa akizungumzia watoto, na kwa miongo mingi baada yake iliaminika kwamba mtoto akikua inamtoka. Wako madaktari waliosomeshwa hivyo na hawajapata nafasi ya kujifunza upya. Wengine wanaogopa dawa zenyewe, kwa kuwa nyingi ni za kuchangamsha ubongo, zinadhibitiwa na sheria, na wapo watu wanaozitumia vibaya. Tena dalili zako zinafanana na za mambo mengine: sonona, wasiwasi, usingizi mbovu, upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa. Akitaka kukupima hayo, kubali yote, ana haki. Ila majibu yakirudi safi, asikwambie huna kitu. Na hata akikuta wasiwasi, mwulize kwa upole kama wasiwasi huo hautokani na miaka ya kuchelewa, kusahau na kukaripiwa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na ni jambo la kawaida.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Hupimwa kwa mahojiano marefu, historia ya mtu tangu utotoni, na maneno ya waliomjua. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuiondoa kwa kukutazama usoni dakika chache na kuona umevaa vizuri na unajieleza vizuri.

Kuhusu namna ya kuzungumza naye, naona ni afadhali usianze na jina la ugonjwa. Wako wanaojifunga mara tu mgonjwa anapoingia na jina tayari mdomoni. Anza na maisha yako. Ukisema "nasahau sana," atakujibu kwamba kila mtu husahau. Mweleze ile barua ya onyo uliyopewa kazini kwa ripoti uliyoimaliza lakini hukuituma. Mweleze ile kodi uliyolipa kwa kuchelewa huku pesa unazo, na sufuria zilizoungulia jikoni nawe umo humo humo. Andika haya kwenye karatasi na uyasome, usitegemee kuyakumbuka mbele yake. Ipo pia fomu ya maswali 18 iliyotengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu wazima, inaitwa ASRS. Maswali 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Ijaze nyumbani bila haraka. Haitoi jibu la mwisho, lakini inampa daktari pa kuanzia.

Akikataa tena, mwombe aandike kwenye faili lako kwamba umeomba kupimwa ADHD na sababu ya yeye kukataa. Kisha omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili anayeona watu wazima. Omba kwa heshima, lakini usiinuke kwenye kiti kabla hujajibiwa.

Mtajie na shangazi yako. Unamjua dada yangu: mchangamfu, mwepesi wa kusaidia, kazi hizi na zile kila mara, barua za benki zimejaa kwenye droo hazijafunguliwa. Hajawahi kupimwa, na mimi si wa kumpa jina la ugonjwa. Lakini hali hii huenda sana kwa damu. Tafiti za mapacha na familia zimekadiria kuwa urithi unachangia kiasi cha asilimia 74 ya tofauti kati ya mtu na mtu. Daktari makini atataka kulijua hilo.

Jambo moja nakukataza kama baba. Uliniambia rafiki yako amekuahidi vidonge vyake uvijaribu. Usivimeze. Dawa za ADHD kama methilifenideti hupandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana daktari hupima kwanza, huanza na dozi ndogo na huendelea kukufuatilia. Ukipimwa ukakutwa nayo, zungumzeni kuhusu dawa, na pia kuhusu tiba ya kisaikolojia inayofundisha kupanga siku na kazi. Ukipimwa ikaonekana ni jambo jingine, basi tutalitibu hilo jingine. Mimi sina haja ya jina fulani. Ninachotaka ni mtu akusikilize mpaka mwisho kabla hajakwambia ulivyo.

Miadi ikipangwa niambie siku na saa. Daktari akikubali nitaingia nawe, na kama sitaweza kufika nitakuwa kwenye simu aniulize mwenyewe chochote kuhusu miaka yako ya shule. Asubuhi ya siku hiyo nitakupigia mapema ili usiiache bahasha.

Akupendaye,
Baba yako